Bunduki ya Oom Faan

Kilichomtia Paskalia shaka kwanza ni bei. Oom Faan aliitaja huku ameinama akiokota maganda ya risasi kwenye nyasi, kwa sauti ya mtu anayeuza kiti kilichovunjika mguu, kisha akaendelea kuokota kana kwamba hakusema jambo. Bunduki ya babu yake, iliyotengenezwa Marekani zaidi ya karne moja iliyopita, alikuwa tayari kumwachia kwa pesa ileile ambayo Paskalia angelipa dukani kwa kopi mpya kutoka Italia.

"Mbona rahisi hivyo, Oom?"

"Kwa sababu nataka ipate mtu wa kuipiga. Wanangu wako Australia, hawana habari nayo. Nikifa itachukuliwa na tajiri mmoja aiweke kwenye kabati la kioo."

Lilikuwa jibu zuri. Paskalia aliona ni zuri mno, kama jibu lililokwisha kufanyiwa mazoezi mbele ya kioo.

Yeye alikuwa fundi cherehani wa Yeoville. Alikuja Johannesburg kutoka Morogoro akimfuata mumewe, Sello, mmoja wa Waafrika Kusini waliokimbilia Tanzania enzi za ubaguzi na kurudi kwao milango ilipofunguliwa. Sello alikuwa amekwisha kufariki, na cherehani ndiyo iliyobaki kumlisha. Cherehani hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, upande wa Bapsfontein. Huko kuna watu ambao kila Jumamosi huvaa kama kauboi wa Marekani ya kale, wanaume kwa vizibao na kofia pana, wanawake kwa magauni ya kuburura, na kushindana kupiga sahani za chuma kwa silaha za mtindo wa zama hizo huku mshika saa akiwapima. Watu wa namna hiyo hawawezi kununua vizibao madukani. Paskalia aliwapelekea mzigo siku moja, mtu akampa bunduki ajaribu kwa mzaha, na sahani zote zikalia kwa mpangilio. Mzaha ukaisha hapo. Miaka miwili baadaye alikuwa mwanachama mwenye cheti, na kwa kuwa kila mshindani huchagua jina la kuigiza, yeye alijiita Mama Sindano.

Siku zote hizo alikuwa akitumia bunduki ya klabu, kopi ya Kiitaliano ambayo yeye mwenyewe aliisafisha kila baada ya mashindano mpaka akaijua kama anavyojua mashine yake. Sasa alitaka yake. Na palipo na kununua bunduki ya kauboi, pana ugomvi wa zamani: ununue ya asili au kopi? Wenye za asili huwaona wenzao kama watu waliovaa dhahabu ya bandia. Wenye kopi huwaona wale wengine kama watu wanaokwenda sokoni kwa gari la makumbusho. Paskalia hakuwa na upande. Alichotaka ni kutodanganywa.

Oom Faan, yaani "mjomba Faan" kwa Kikaburu, alikuwa mshika saa wa klabu. Kaburu mrefu, mkimya, mjane, miaka sabini na kitu. Watu walisema zamani alikuwa akishinda kila kombe, kisha ghafla akaacha kupiga, akachukua saa. Hakuna aliyejua sababu. Kwa Paskalia hilo nalo lilikuwa jambo jingine la kutiliwa shaka: mtu anayesema anataka bunduki yake ipigwe, wakati mwenyewe hataki kuigusa.

Jumatatu alimweleza Capitoline, Mrundi mwenye saluni ya nywele mlango wa pili. Capitoline alikimbia vita akiwa msichana, na kitu chochote chenye risasi kilimfanya akunje uso.

"Mimi sina amani na hiyo kitu," alisema, akiendelea kusuka kichwa cha mteja. "Mzungu mzee anakupa kitu ya babu yake kwa bei ya rahisi. Weye ni nani kwake? Mtoto wake?"

"Anasema wanawe hawaitaki."

"Kama watoto wake hawaitaki, wanajua kitu. Uliza kwanza babu yake aliua nani nayo."

Paskalia alicheka, lakini maneno yalimwingia. Mchana huo alifunga duka, akawasha bakkie, pikapu ya marehemu mumewe, akaenda Malvern kumwona Jumbe.

Karakana ya Jumbe ilikuwa Jules Street, kati ya duka la matairi na duka la magodoro, nyuma ya geti la vyuma ambalo hufunguliwa kwa kubonyeza kengele. Jumbe alikuwa mtu wa Kilosa. Alikuja kusini kijana, akajifunza kutengeneza bunduki kwa mzee mmoja wa Kireno, na mzee alipostaafu akamwachia karakana. Katika mazishi ya Sello alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Tangu wakati huo alimwita Paskalia shemeji, na Paskalia hakuwahi kupita Malvern bila kusimama kumsalimia yeye na mkewe, Mwanaharusi.

"Shemeji, karibu. Leo umetukumbuka," Jumbe alisema, akimfungulia geti.

Alimpa stuli, akamwita msichana wa chai wa duka la jirani alete vikombe viwili. Ukutani nyuma yake, ndani ya wavu, zilisimama kopi mbili mpya za Kiitaliano, mbao zake zikimeremeta.

"Nimekuja kuomba ushauri," Paskalia alisema. "Ya asili au kopi?"

"Kopi," Jumbe alijibu bila kufikiri. "Za asili ni za kutundika. Chuma kinachoka kama mtu, shemeji. Huwezi kumchukua bibi wa miaka tisini ukamkimbiza mbio. Nani anakuuzia ya asili?"

"Yupo mzee mmoja wa klabu. Oom Faan."

Jumbe alichukua kitambaa akafuta mikono. Aliifuta muda mrefu, ingawa haikuwa na mafuta mengi.

"Simfahamu sana," alisema. "Hao wazee wa kikaburu wote ni haohao. Atakuuzia kutu kwa jina la babu yake."

"Nilitaka twende wote uiangalie. Uifungue ndani."

"Hakuna haja ya kuifungua. Na usikubali mtu mwingine aifungue. Skrubu za zamani ni kama meno ya mzee, ukizigusa zinakatika, na ikikatika mikononi mwako imekula kwako. Nikwambie kama ndugu: achana nayo. Chukua moja ya hizi, nitakupunguzia."

Paskalia alirudi Yeoville ametulia kidogo. Kusemeshwa kwa Kiswahili cha nyumbani na mtu aliyembeba mumewe begani kulitosha kumfanya ashushe pumzi. Ila alipofika kwenye robot, taa za barabarani, na kusimama, wazo dogo lilimpitia: Jumbe anauza kopi, lazima aseme kopi. Oom Faan anauza ya asili, lazima aseme ya asili. Kila mmoja alikuwa anauza chake.

Jumamosi iliyofuata Oom Faan alikuja na bunduki yenyewe ndani ya mfuko wa turubai. Sheria haikumruhusu kumwachia aondoke nayo, ila pale uwanjani, yeye akiwa amesimama pembeni, Paskalia aliweza kuijaribu. Ilikuwa nzuri kuliko alivyotegemea. Mbao zake zilikuwa nyeusi kwa viganja vya watu waliokwisha kufa, na kile chuma cha chini cha kukokea kilishuka na kupanda laini kama droo ya cherehani.

Alilenga sahani ya kwanza, akapiga. Kimya. Risasi iliinua vumbi upande wa kushoto. Akapiga ya pili, kushoto. Ya tatu aliilenga pembeni makusudi, upande wa kulia wa sahani, na sahani ikalia.

Alipogeuka kumtazama Oom Faan, alimkuta anaangalia chini, midomo imebanwa, na usoni ana kitu ambacho Paskalia hakukielewa. Hakikuwa mshangao. Ilikuwa kana kwamba mzee alijua risasi zitakwenda kushoto.

"Inakwenda pembeni," Paskalia alisema.

"Pengine bado hujaizoea."

"Wewe mwenyewe huipigi kwa nini, Oom?"

"Nimeichoka," alisema mzee, akaipokea bunduki na kuirudisha mfukoni upesi, kama mtu anayefunika chungu ambacho hataki wageni waone kilichomo.

Njiani Paskalia alikwisha kuamua. Mzee alikuwa anajua bunduki ni mbovu na alitaka kumbambikia yeye, mwanamke, mgeni, asiye na wa kumsemea. Angesema hapana kwa adabu, basi. Siku mbili baadaye alipita Malvern kumpa Jumbe habari hiyo, akijua itamfurahisha.

"Si nilikwambia," Jumbe alisema. "Inapiga kushoto, eh? Hiyo imekwisha. Bado ina ule mkwaruzo kitakoni, kama alama ya kucha?"

"Bado ina," Paskalia alijibu, na chai ikamgandia mdomoni.

Mkwaruzo aliuona. Ulikuwa upande wa ndani, pale shavu linapoegemea. Jumbe hakuweza kuujua bila kuishika bunduki ile mikononi. Na wiki iliyopita, palepale kwenye stuli ile, alisema hamfahamu sana Oom Faan.

Jumbe hakugundua alichokisema, au aligundua akaamua kupita haraka. "Unajua nini, shemeji? Mwambie aniuzie mimi. Usimtajie jina langu, sema kuna mteja wako. Nitaivunja nitoe vipuri. Na wewe utachukua kopi kwa bei utakayotaka wewe."

"Kama imekwisha, unaitakia nini?"

"Vipuri, nimekwambia. Mbona unanihoji kama askari?" Alicheka. Paskalia naye akacheka, akamaliza chai na kuaga. Geti lilipofungwa nyuma yake alibaki ndani ya bakkie bila kuwasha injini, akiyarudia maneno moja baada ya jingine. Usiifungue. Usikubali mtu aifungue. Usimtajie jina langu.

Alikuwa amemtilia shaka mtu mmoja wiki nzima, na huenda alimkosea.

Oom Faan alikaa Edenvale, kwenye nyumba ndogo yenye mawaridi yaliyokosa mtu wa kuyakata. Alishangaa kumwona Paskalia siku ya kazi, lakini alimkaribisha jikoni, akasogeza magazeti mezani.

"Sijaja kununua bado," Paskalia alisema. "Nimekuja kuuliza. Bunduki ile imewahi kukaa kwa fundi?"

Mzee alifikiri. "Mara moja. Kionea-shabaha cha mbele kililegea. Nilimpelekea Jumbe wa Jules Street. Wakati ule Hester, mke wangu, alikuwa anaumwa, kwa hiyo sikuifuatilia. Ilikaa kwake muda mrefu sana. Alisema anangoja kipuri."

"Na iliporudi?"

 Oom Faan aliinuka, akajaza birika maji, akasahau kuliweka motoni.

"Iliporudi, Hester alikuwa amekufa," alisema. "Nikaenda uwanjani, nikapiga, nikakosa. Kila risasi kushoto. Nilidhani ni huzuni. Baadaye nikadhani ni macho. Nilikwenda kwa daktari nikapata miwani, nikakosa. Nikapata miwani mingine, nikakosa. Nilikuwa napiga mbele ya watu walionijua, unaelewa? Basi nikaomba nipewe saa."

"Hukujaribu bunduki nyingine?"

"Nijaribu ili iweje? Nikosee na hiyo pia, nijue kwa hakika?" Alimtazama. "Jumamosi ulipokosa nawe, nilijiambia ni mkono wako. Nilitaka iwe mkono wako. Halafu ukaipata ile ya tatu."

Paskalia alimwomba aifungue, na mzee alikataa. Ubao ule wa mbele, ulioshika mtutu kwa chini, yeye hajawahi kuutoa, na baba yake vilevile. Aliamini skrubu hazijaguswa tangu kwa babu yake. Paskalia hakubishana. Alimwomba tu azitazame kwa taa. Mzee alileta bunduki na tochi, akavaa miwani, akainama. Vichwa vya skrubu vilikuwa na makovu mapya ya bisibisi, chuma cheupe kikionekana chini ya rangi.

 Mzee akaenda kuchukua sanduku lake la vifaa.

Skrubu hazikukatika. Zilitoka kirahisi, kama zilizowahi kutoka juzi tu. Ubao ulipoachia, Oom Faan aliusogeza kando na kugeuza mtutu kwenye mwanga. Juu, mahali ambapo kila mtu huona, palikuwa na maandishi ya kiwanda cha Marekani, yamefifia kama inavyostahili. Chini, mahali ambapo ubao hufunika, palikuwa na nyota ndogo na herufi pembeni, na kijisanduku chenye herufi nyingine mbili.

Paskalia alizifahamu. Alikuwa anazipitishia kitambaa chenye mafuta kila Jumamosi, kwenye kopi ya klabu. Ni alama ambayo Waitaliano hupiga kwenye mtutu baada ya kuujaribu.

"Oom," alisema polepole. "Huu si mtutu wa babu yako."

Mwili wa bunduki ulikuwa uleule, wenye namba iliyo kwenye leseni, ndiyo maana hakuna ofisi iliyoshtuka. Mbao zilikuwa zilezile. Mtutu ndio uliokuwa umetolewa na kuwekwa wa kopi, ukazeeshwa kwa dawa, ukachongwa maandishi ya uongo kwa juu, na aliyeufunga hakuukaza mahali pake sawasawa. Ndiyo sababu kionea-shabaha kilielekeza kushoto kidogo, kiasi cha mtu kulaumu macho yake.

Oom Faan aliweka vidole viwili juu ya ile nyota, akaviacha hapo. Paskalia aliona aibu kumtazama. Siku chache tu zilizopita alikuwa amemhukumu mtu huyu kuwa tapeli, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa ukimya wake na kabila lake.

"Nipe nafasi ya kuongea na Jumbe kabla hujakwenda polisi," alimwambia. "Ni ndugu wa mume wangu, kwa namna yetu."

"Sitakwenda popote bado," mzee alisema. "Kuna jambo nataka kulijua kwanza."

Jumamosi hiyo, kabla washindani wengine hawajafika, Oom Faan alimwomba Paskalia bunduki ya klabu. Alisimama mbele ya sahani, akavua kofia, akaivaa tena.  Paskalia aliomba moyoni akiwa hajui anaomba nini hasa, kwa sababu kama mzee angekosa sasa, basi hata kugundua ule mtutu wa bandia kusingemsaidia kitu.

Alipiga ya kwanza, sahani ikalia. Akakoki, ikalia ya pili. Kisha mikono ikakumbuka kazi yake, chuma kikawa kinashuka na kupanda bila kukatika, na sahani zililia mpaka risasi zikaisha. Mzee alibaki ameikumbatia bunduki tupu, anatazama moshi. Baadaye alisema, si kwa Paskalia hasa, "Miaka yote hiyo." Akaiweka mezani, akaenda kusimama nyuma ya gari lake, na Paskalia hakumfuata.

Jumatatu Paskalia alibonyeza kengele ya Jules Street. Hakukalia stuli.

"Shemeji, mtutu wa Oom Faan uko wapi?"

Jumbe alitabasamu, na tabasamu likachelewa kuondoka. "Mtutu gani?"

"Tumefungua. Tumeona alama ya Waitaliano."

 Jumbe alitazama geti, kisha akashusha sauti. Hakukana. Alisema wakusanyaji wa vitu vya kale hulipa vizuri kwa mtutu mmoja safi, na mzee yule hakuwa anajua hata alichonacho. Alisema watu hao walichukua nchi nzima, chuma kimoja ni nini. Kisha akasema, "Nilimbeba mumeo begani, Paskalia, na wewe utaniuza kwa kaburu?"

"Na mzee nimwambie nini?" Paskalia aliuliza. Alikuwa bado anatafuta njia. Kama Jumbe angesema nitautafuta, nitaurudisha, nipe muda, angempa. Alikuja akiwa na nia hiyo.

"Mwambie macho yake mabovu," Jumbe alisema. "Si ameshazoea kuamini hivyo."

Paskalia alimtazama mtu yule kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kumbe alijua. Alijua mzee anakosa, alijua ameacha kupiga na kushika saa, na aliliacha jambo liendelee kwa sababu lilimfaa.

"Nifungulie geti," alimwambia.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Oom Faan aliripoti polisi. Klabu nayo iliwaomba wenye bunduki za asili wazifungue, na wengine wawili waliokuwa wamepitisha zao Jules Street wakakuta nyota ileile chini ya ubao. Karakana ikafungwa, Jumbe akashtakiwa, akatoka kwa dhamana akingoja kesi. Mtutu wa babu haukupatikana. Uliuzwa zamani kwa mtu aliyekwisha kuhama nchi.

Bunduki haikuuzwa tena. Oom Faan alitafuta fundi Pretoria akaunyoosha ule mtutu wa kopi mahali pake, akasema yeye naye ana meno ya bandia na anakula vizuri. Mwezi uliofuata alirudi kwenye orodha ya washindani, na saa ikapewa mtu mwingine. Paskalia alinunua kopi yake kwa huyohuyo fundi wa Pretoria. Kabla ya kulipa alimwomba atoe ubao wa mbele, akaangalia alama, akaridhika. Fundi alimwambia hakuna mteja aliyewahi kumwomba hivyo kwa bunduki mpya.

Lakini Yeoville mambo hayakuwa mepesi. Kwenye mkutano wa Watanzania wa mwisho wa mwezi, viti viwili vya kushoto na kulia kwake vilibaki vitupu. Mtu mmoja, anayemheshimu, alimuuliza kwa upole kama ni kweli alikwenda kwa Jumbe mara tatu kunywa chai yake ili amchunguze. Baadhi ya wateja walichukua vitambaa vyao vikiwa havijashonwa. Capitoline pekee ndiye aliyesema waziwazi, "Weye ulifanya vizuri," ingawa hata yeye aliongeza, "Lakini sasa watu wanaogopa macho yako."

Mwanaharusi, mke wa Jumbe, alikuja asubuhi moja ya baridi. Alikuwa amejitanda kanga juu ya koti, na hakukaa alipokaribishwa. Paskalia alisimamisha cherehani.

"Sikuja kugombana," Mwanaharusi alisema. "Nataka kujua kitu kimoja. Siku zile ulipokuwa unakuja kwangu, unakula kwangu, ulikuwa umeshaanza kumshuku?"

"Hapana, wifi. Nilikuwa namshuku yule mzee."

Mwanaharusi alitikisa kichwa taratibu, kama anayepima uzito wa kitu mkononi. Alitazama kizibao kilichokuwa mezani, vifungo vyake, mkasi.

"Watu wanasema na mimi nilijua," alisema.

Paskalia alitaka kumjibu kwamba watu wanasema mengi. Hilo ndilo lililopaswa kutoka. Badala yake alisikia mdomo wake ukiuliza, "Ulijua?"

Mwanaharusi aliinua uso. Walitazamana kwa muda, wanawake wawili waliosaidiana kupika kwenye msiba wa Sello, na Paskalia alitafuta jibu usoni mwa mwenzake kama alivyolitafuta kwenye vichwa vya skrubu. Hakuona kovu wala usafi. Mwanaharusi alijifunika kanga vizuri, akageuka, akashuka ngazi bila kuaga.

Capitoline alichungulia kutoka mlango wa saluni, kichana mkononi. "Huyu mama alitaka nini?"

"Sijui," Paskalia alisema. Alikanyaga pedali, na mashine ikaanza tena.